BWANA SHAMBA ANASEMA: Usiuze mti mchanga

Ndugu mkulima,

Mtumishi wa serikali hustaafu. Wengi hustaafu wakiwa na miaka 60. Kila mwezi sehemu ya mshahara wake hukatwa na kuwekwa katika mfuko. Akistaafu, hulipwa pensheni.

Je, wewe? Hakuna anayekukata mshahara, kwa sababu mshahara huna. Lakini uzee unakuja kwako pia. Siku moja jembe litakuwa zito mkononi. Kwa hiyo ni lazima ujikate mwenyewe.

Huku Njombe na Mufindi wakulima wengi wanapanda miti. Misindano hutoa mbao. Milingoti hutoa nguzo. Mti hukua hata wewe ukiwa umelala. Ni akiba nzuri ya uzee.

Tatizo ni nini?

Msindano wa mbao hukomaa kwa miaka kama 18 hadi 25. Hiyo ni miaka mingi. Katikati, mtoto anaugua. Au paa la nyumba linang'olewa na upepo. Nyumbani hakuna hata senti moja. Mnunuzi anakuja na pesa mkononi. Anajua una shida. Anataka miti yako ya miaka 7. Unamwuzia shamba zima.

Bei ni ndogo, kwa sababu mti mwembamba hautoi mbao nyingi. Shida ya leo imekwisha, lakini umeuza uzee wako.

Kwa hiyo, ndugu, weka akiba mbili, si moja.

Akiba ya kwanza: ya shida

Hii ni pesa unayoweza kuipata upesi. Usiifiche chini ya godoro. Panya wataila, moto utaiunguza, au wewe mwenyewe utaichota kidogo kidogo. Iweke benki au katika SACCOS. Au jiunge na kikundi cha kuweka na kukopa kijijini. Kwanza uliza: Je, kikundi kimesajiliwa? Je, sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu? Je, kila mwanachama ana daftari lake?

Vikundi vingi hugawana pesa mwisho wa mwaka. Pesa hizo zikirudi mkononi, usizifanyie sherehe. Zirudishe katika akiba.

Akiba ya pili: ya uzee

Hii haiguswi. Panda miti kidogo kidogo. Ukipanda kwa nafasi ya meta 3 kwa 3, ekari moja huchukua miche kama 450. Panda robo ekari kila mwaka, yaani miche kama 112. Baada ya miaka 4 una ekari moja. Miti haitakomaa yote mwaka mmoja, nawe hutaiuza yote mwaka mmoja.

Kumbuka mambo manne:

1. Usipande miti katika shamba la chakula. Mti hauliwi.
2. Usipande milingoti karibu na chemchemi. Hunywa maji mengi.
3. Fyeka njia ya moto kuzunguka shamba kila mwaka kabla ya kiangazi kukaza. Moto wa siku moja hula kazi ya miaka 15.
4. Pata hati ya kimila ya shamba lako. Majina ya mume na mke yaandikwe yote mawili. Mmoja akifariki, mwenzake asinyang'anywe.

Tena, NSSF hupokea wanachama waliojiajiri, hata wakulima. Nenda ofisi yao iliyo karibu, uliza masharti.

Ugawe namna gani?

Tuseme umeweka mahindi ya chakula ghalani. Umeuza gunia 10 zilizobaki, kila moja kwa shilingi 60,000. Umepata shilingi 600,000. Yagawe mafungu 10.

Fungu 1 la shida: 60,000
Fungu 1 la uzee: 60,000
Mafungu 8 ya mbolea na matumizi: 480,000

Toa akiba kwanza, ndipo utumie. Wengi hutumia kwanza, wakingoja kuweka kitakachobaki. Hakibaki kitu. Kama mwaka ni mbaya, toa kidogo, lakini toa. Haba na haba hujaza kibaba.

Kazi ya mwezi huu

Sasa unajua kuandika. Kaa na mwenzako jioni moja, mchukue daftari na kalamu. Andikeni:

1. Tuna umri gani leo? Imebaki miaka mingapi kufika 60?
2. Mavuno yaliyopita tulipata shilingi ngapi? Zilikwenda wapi?
3. Shida ikija kesho, tutauza nini?

Kama jibu la swali la tatu ni miti michanga, anzeni na akiba ya shida mavuno haya haya. Hiyo ndiyo italinda miti yenu mpaka ikomae.

Wenu katika kazi,
Bwana Shamba