Pointi za Jumamosi ni mauzo ya siku moja

Mfanyabiashara anayevuka Mutukula au Busia kwenda kununua bidhaa Kikuubo hachukui shehena kwa sababu tu jana mwenzake aliuza vizuri. Huuliza kwanza wateja ni wangapi na kama watarudi. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo, akifungua timu yake ya FPL, humsajili mshambuliaji kwa kuwa alifunga mawili Jumamosi.

Mchezo huo humpa kila mshiriki pauni milioni 100 za kufikirika kwa wachezaji 15, na uhamisho wa ziada hukatwa pointi 4. Pauni ni za kufikirika, lakini michango ya makundi ya marafiki ni shilingi halisi. Kukimbilia pointi za juzi ni hasara.

Dawa ipo: takwimu ya mabao yanayotarajiwa. Kila shuti hupewa thamani kati ya 0 na 1 kulingana na umbali, pembe na namna nafasi ilivyopatikana. Penalti huwa karibu 0.8, shuti la mbali huenda lisifike 0.05. Anayepata nafasi nzuri kila wiki bila kufunga ni duka lenye wateja wengi: mauzo yana njia ya kuja. Aliyefunga mawili kwa mashuti ya mbali huenda amebahatika tu.

Hata hivyo, takwimu si mganga. Msimu wa 2024/25, Brentford ilikuwa na Yoane Wissa wa DR Congo aliyefunga mabao 19 ya ligi na Bryan Mbeumo wa Cameroon aliyefunga 20. Ya Wissa yalikaribiana na matarajio. Mbeumo aliyapita kwa mbali. Aliyemwacha Mbeumo kwa sababu ya hesabu peke yake alikosa pointi nyingi.

Kwa hiyo busara ni kutazama mechi nyingi badala ya moja, kutenga penalti na mabao mengine, na kuhakikisha mchezaji anapata dakika za kutosha uwanjani. Kisha mtu aamue.

Na hata hesabu ikiwa safi, mpira hubaki mpira. Takwimu hupunguza makosa, haziondoi bahati. Mtaji wa kulipia mzigo na ushuru mpakani usiguswe kwa ajili ya mchango wa fantasi.