Kamera Yenye Kuingia Katika Sakoshi ya Mama

Juma lililopita tulizungumuza juu ya daftari ya matumizi ya nyumba. Leo tunajibu ulizo lenye kundi moja la akiba lilituletea: «Tuko na dola 400 katika sanduku. Tunataka kununua kamera ya kundi, ya kutumia kila siku. Tuchukue gani?»

Mbele ya kujibu, tuseme kwa nini ulizo hilo lilitugusa. Mwaka uliopita mama mumoja wa mutaa wetu alikufa gafula. Siku ya kilio, watoto wake walitafuta foto ya kuweka mbele ya watu. Walifungua telefone tano. Foto zilikuwa nyingi: mama akipika, mama nyuma ya watu wengine, mama katika harusi ya usiku na uso wake kama kivuli. Hakuna hata moja yenye ingeweza kukuzwa. Mwishowe walikata uso wake katika foto ya kundi, na muchapishaji akaikuza mpaka macho yakabaki madoa tu. Mutoto wake wa darasa la tano alituuliza: «Mwalimu, huyu ni mama kweli?» Hatukuwa na jibu.

Kwa hiyo, wamama, kamera si kitu cha kujionyesha. Lakini dola 400 za sanduku ni jasho la watu wengi, na mwenye kununua vibaya anakula feza ya wajane. Tuangalie polepole.

Telefone haitoshi?

Inje, muchana, telefone nzuri inatosha, na kama kundi lenu linapiga foto za muchana tu, muchunge feza yenu. Shida inakuja mangaribi, ndani ya nyumba, katika darasa lenye madirisha madogo. Ndani ya kila kamera kuko kipande chenye kupokea mwangaza. Katika telefone nyingi, upana wake haufike milimetre 10. Katika kamera ndogo zenye tutasema leo, upana ni milimetre 17 ao karibu 23. Wakati wa mvua muweke inje kikombe na beseni: mvua ni ileile, lakini beseni inapata maji mengi zaidi. Mwangaza nao unachotwa vile.

Kamera yenye haina kioo

Kamera kubwa za wapiga-foto wa harusi, zenye kuitwa refleksi, ziko na kioo ndani. Kioo kile kinapeleka mwangaza kwenye dirisha dogo la kuangalilia, na wakati wa kupiga kinaruka juu. Kinaomba nafasi, kwa hiyo kamera inakuwa nene. Mwaka wa 2008 Panasonic ilitoa kamera ya kwanza ya namna mupya, Lumix G1: lensi zinabadilishwa kama katika refleksi, lakini kioo kimeondolewa. Wauzishaji wetu wanaziita «ibride».

Faida ya kwanza ni udogo. Tujitolee mufano sisi wenyewe. Ku masomo kwenye tunafundisha, walimu tulichanga feza na kununua refleksi kubwa na lensi mbili, kwa sababu ilionekana kuwa ya mabwana wakubwa. Ilikuwa muzigo. Hakuna mwalimu aliyependa kuibeba kwa miguu mpaka nyumbani, na kwa mwaka muzima ilitoka katika kabati mara tatu. Kamera yenye kubaki katika kabati haipige foto ya mutu.

Faida ya pili ni kubwa zaidi kwetu wenye ngozi nyeusi. Mama akiwa amevaa nguo nyeupe, ao akisimama mbele ya mulango wenye jua, kamera inadanganywa na ule weupe na inatia uso giza. Katika kamera yenye haina kioo, munaona giza hilo mbele ya kupiga. Mutafute alama ya + na −, musukume upande wa + mpaka 1, na uso unarudi mbele ya macho yenu. Mutu mwenye hajasoma kazi hii anaweza kuijifunza siku moja.

Kamera tatu za kuangalia

Kwa dola 400, tunasema juu ya kamera zenye zilikwisha kutumiwa. Hizi tatu zinatosha kwa kulinganisha.

Sony a6000 ilitoka mwaka wa 2014. Iko na nukta milioni 24, na uzito wa gramu 344 pamoja na bateri.

Panasonic GX80 ilitoka mwaka wa 2016. Nukta ni milioni 16, uzito ni gramu 426. Ndani yake kuko mutambo wenye kutuliza mutetemeko wa mukono. Unasaidia wakati mutu ametulia. Mutoto mwenye kukimbia hautamusimamisha.

Canon EOS M50 ilitoka mwaka wa 2018. Nukta ni milioni 24, uzito ni karibu gramu 390. Lakini Canon imeacha kutengeneza jamii hii ya kamera, kwa hiyo lensi zake mutazitafuta kwa watu wenye kuuzisha za zamani tu.

Pamoja na lensi yake ndogo, kila moja inafika karibu nusu kilo. Ni uzito wa sukari ya nusu kilo katika sakoshi.

Musitishwe na hesabu ya nukta. Foto ya kuchapishwa ya sentimetre 10 kwa 15 inaomba nukta milioni 2 tu. Hata ile ya 20 kwa 30, yenye kuwekwa ukutani, inaomba karibu milioni 8 na nusu. Kwa hiyo 16 na 24, zote zinapita mahitaji yetu.

Lensi njo yenye kuona

Lensi yenye kuja na kamera inaweza kuvuta karibu na kuachilia mbali, na ni nzuri kwa muchana. Juu yake mutasoma namba, mufano 3.5-5.6. Namba ikiwa ndogo, mulango wa mwangaza ni mukubwa. Lensi yenye namba 1.8 inaingiza mwangaza karibu mara kumi kupita ile yenye kusimama kwenye 5.6. Ndani ya nyumba yenye taa moja, hiyo ni tofauti kati ya uso na kivuli. Lensi kama hizo kwa kawaida hazivute. Ni miguu yenu yenye kusogea. Panasonic iko na moja ya 25 mm yenye namba 1.7, gramu 125 tu. Na tena, lensi za Panasonic na za Olympus za jamii ya Micro Four Thirds zinaingiliana, kwa hiyo kuko za kuchagua.

Umeme

Wote tunajua namna umeme unakwenda na kurudi kwetu. Kipimo cha watengenezaji kinasema bateri moja inapiga foto karibu 360 kwa Sony, 290 kwa Panasonic, 235 kwa Canon. Sony na Panasonic hizo zinapokea umeme kwa kamba ndogo ya USB kama ya telefone nyingi za zamani, hata kutoka kwenye bateri ya mufukoni ao kwenye vifaa vya jua. Canon M50 inaomba kifaa chake chenyewe. Kikipotea, kamera imelala. Bateri hizi nyingi ziko na kobalti ndani, na zaidi ya nusu ya kobalti yenye kuchimbwa katika dunia inatoka katika inchi yetu. Ni haki mama wa Congo naye apate foto nzuri kwa hiyo kobalti.

Mbele ya kulipa

Musilipe bila kushika kamera kwa mukono. Mufanye hivi:

1. Muondoe lensi, mumulike ndani yake na taa ya telefone. Mukiona nyuzi kama za utando wa buibui, ni ukungu. Muache.
2. Mupige foto ya ukuta mweupe, muikuze kwenye kioo cha kamera, mutafute madoa.
3. Mufungue menyu. Kamera zingine zilitengenezwa kwa soko la Japani na zinasema Kijapani tu. Mutafute Kifaransa kwa macho yenu wenyewe.
4. Muingize kamba ya umeme na mungojee muone kama taa inawaka.
5. Mupige foto ya uso wa mumoja wenu ndani ya duka, fasi yenye giza. Hiyo ndiyo kazi yenye mutaifanya kila siku.

Jibu letu

Kama ni sisi, tungetafuta GX80 na lensi yake ndogo, kwa sababu ya mukono wenye kutetemeka, kamba ya USB na lensi zenye kuingiliana. Tukikutana na Sony a6000 yenye ni safi kuipita, tungechukua Sony bila haya. Na hatungetoa dola zote 400. Tungesimama kwenye 320, na 80 zingebaki kwa bateri ya pili, karte ya kuweka foto, mufuko na foto za kwanza za kuchapisha. Muuzishaji akikataa kushuka, tungerudi nyumbani. Lensi ya 1.7 ingengojea mwaka wenye kuja.

Kisha muandike sheria katika daftari ya kundi: nani anaichunga, nani anaichukua, siku gani inarudi. Isikae kwa mama prezidanti kama mali yake. Na musipige foto ya mutoto wa mwenzenu bila kumuomba muzazi, wala ya mama mugonjwa ao mwenye kupokea musaada, kama yeye mwenyewe hakubali.

Kazi ya juma hili ni kwa wote, hata kwa wenye hawana kamera. Siku ya posho, asubui, mumuweke mama muzee wa nyumba karibu na dirisha, uso wake uelekee mwangaza. Asivae nguo ya harusi. Avae yenye anavaa kila siku. Mumupige foto tatu, muchapishe moja, na nyuma yake muandike jina na tarehe. Telefone zinaibiwa na kuvunjika. Karatasi katika sanduku inangojea.

Yule mutoto wa darasa la tano sasa yuko kwa bibi yake. Juzi tulimupiga foto pamoja naye, karibu na dirisha la jikoni. Bibi alikataa kucheka, lakini kila mukunjo wa uso wake unaonekana.

Kwa juma lenye kuja tutazungumuza juu ya watoto wenye kuogopa hesabu. Mubaki na amani.