Mwenye Elimu Akifa, na Mwenye Elimu Akiuawa

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wanafunzi wetu wapenzi na wazee wetu, sote tumesoma hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu haiondoi elimu kwa kuipokonya vifuani mwa waja wake, bali huiondoa kwa kuwafisha wanavyuoni. Mwaka huu tumependa tuitazame hadithi hii kwa mifano ya zama zetu. Kufa kwa mwenye elimu ni msiba. Lakini kuuawa kwake vitani ni msiba mwengine, na sisi aghalabu tunaichanganya misiba hii miwili.

Tuanze na wa kwetu. Marehemu Profesa Ali Al-Amin Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1933. Babake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na ndiye aliyetoa magazeti ya kuwaamsha Waislamu wa pwani katika miaka ya 1930. Ali hakufanya vizuri mtihani wake wa sekondari. Tunalitaja hili kwa makusudi, kwa ajili ya wale wanaolia matokeo yakitoka. Baadaye alisoma Manchester, Columbia na Oxford, akasomesha Makerere na kisha Marekani, akaandika vitabu zaidi ya 30. Alifariki Oktoba 2014 akiwa na umri wa miaka 81. Mwili wake uliletwa kutoka Marekani, akazikwa Mombasa katika makaburi ya ukoo wake karibu na Fort Jesus. Tulihuzunika, lakini tulijua kuwa aliyokuwa nayo alikwisha kuyatoa. Wanafunzi wake wametapakaa dunia nzima. Huko ndiko kufa kwa mwenye elimu.

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka 1971 Profesa Mazrui alitoa riwaya juu ya Christopher Okigbo, mshairi wa Nigeria aliyeuawa mwaka 1967 akipigana upande wa Biafra. Ni kisa cha kubuni, wala si itikadi: mshairi anashitakiwa baada ya kufa kwake, kwa kosa la kuutanguliza ukoo wake mbele ya kipaji alichopewa. Mtu anaweza kukubali mashitaka hayo au kuyakataa. Lakini swali limebaki: mashairi ambayo Okigbo hakuyaandika, nani atatulipa? Na vita vile, vilivyokwisha mwaka 1970, viliua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya nusu milioni na milioni tatu, wengi wao kwa njaa. Miongoni mwa watoto wale waliokufa kwa njaa, walikuwemo washairi wangapi, na madaktari wangapi?

Na Okigbo angalau alikwenda vitani kwa miguu yake. Wengine vita huwafuata majumbani. Refaat Alareer alikuwa mwalimu wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Gaza. Mwaka 2014 alihariri kitabu cha hadithi fupi za vijana wa Gaza, baadhi yao wanafunzi wake mwenyewe. Majengo ya chuo chake yalipigwa mabomu Oktoba 2023, na tarehe 6 Desemba mwaka huo yeye aliuawa kwa shambulio la ndege la Israel, pamoja na ndugu zake na watoto wa ndugu zake. Alikuwa na miaka 44. Profesa Mazrui alipokuwa na umri huo, alikuwa na zaidi ya miaka 35 mbele yake ya kusomesha na kuandika. Hesabu hiyo, wanafunzi wetu, hamhitaji mwalimu wa kuwafanyia.

Tukitaka mfano wa jirani, tuitazame Somalia. Dola iliposambaratika mwaka 1991, Chuo Kikuu cha Taifa kilifungwa, kikaja kufunguliwa tena mwaka 2014. Mtoto aliyezaliwa siku kilipofungwa alikuwa mtu mzima kilipofunguliwa. Nyumba hujengwa upya kwa mwaka mmoja au miwili, lakini mwalimu hajengwi kwa udongo.

Mtu atasema: je, aliyedhulumiwa akae kimya? Hapana. Dini yetu imemruhusu mwenye kudhulumiwa kujitetea, na imeweka mipaka: Sayyidna Abubakar (R.A.) alilikataza jeshi lake kuua wanawake, watoto na wazee, na kukata miti yenye matunda. Lakini Mtume (S.A.W.) pia ametukataza kutamani kukutana na adui, akatuamrisha tumuombe Mwenyezi Mungu afya na salama. Hili la pili ndilo tunalolisahau. Tunawasikia vijana wetu barazani wakivizungumza vita kama wanavyozungumza mpira. Na wapo vijana wa pwani hii waliovuka mpaka kwa maneno matamu ya watu wasiowajua, na mama zao mpaka leo hawajui wawaombee kama walio hai au kama maiti. Anayekuita vitani kwa siri, bila ya kumwambia mzazi wako wala mwalimu wako, muulize kwanza watoto wake mwenyewe wako wapi.

Basi tunawaomba mambo mawili. Kwanza, tukiwalilia wenye elimu wetu, tusiishie kwenye machozi na picha, tusome walichoandika. Pili, kila mwanafunzi katika likizo hii akae na mzee mmoja mwenye elimu, amuulize na aandike anachojibiwa. Tunaweza kufanya hivyo kwa sababu tuna amani, na mzee huyo tutamkuta kesho pale tulipomuacha jana. Wako wenzetu ambao neema hiyo hawanayo.

Mwenyezi Mungu awarehemu maiti wetu, awahifadhi walimu wetu, na awaondolee dhiki wote walio chini ya mabomu. Amin.

Wabillahi tawfiq.