Ufukwe wa Ujiji uachiwe ziwa



Nina maoni kuhusu ufukwe wa Ujiji, mji wa kale uliokuwa mwisho wa njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo, na ambao hadi leo hutembelewa na wageni wa nje, wananchi na watoto wetu wa shule.

Mtu anayetaka kuifuata njia ile hawezi kuukwepa mji wetu wa Tabora. Hapa ndipo misafara ilipopumzika, ikagawana mizigo na kuajiri wapagazi wapya. Kule Kwihara, nje kidogo ya mji, iko nyumba ya tembe ambamo Livingstone alikaa kuanzia Februari hadi Agosti 1872 akingoja wapagazi ambao Stanley alikwenda kumtafutia pwani. Kutoka Tabora njia ilishika magharibi hadi Uvinza penye chumvi, ikavuka mto Malagarasi kwa mitumbwi baada ya kulipa hongo kwa watawala wa pale, kisha ikateremkia Ujiji. Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu na vitambaa mabegani katika njia hiyo, na watumwa waliswagwa humo humo kupelekwa pwani.

Mgeni akifika Ujiji huonyeshwa mnara uliojengwa mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871 chini ya mwembe. Hapo ndipo wageni wengi hushangaa. Wamesoma kwamba Ujiji ni mji wa ufukweni, lakini mnara umesimama mbali na maji na kulifikia ziwa kunataka mwendo wa miguu. Wengine hudhani mnara ulijengwa mahali pasipo penyewe. Sivyo. Ziwa ndilo lililoondoka.

Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, nao ni mto Lukuga ulio upande wa Kongo. Katika miaka ile mlango huo ulikuwa umezibwa na mchanga na majani. Msafiri Mwingereza Cameron aliufikia mwaka 1874 akakuta mimea imeuziba, na Stanley naye alipopita mwaka 1876 alikuta maji hayatoki sawasawa. Mito iliendelea kumimina huku mlango umefungwa, na ziwa likawa linapanda mwaka hadi mwaka. Mnamo mwaka 1878 kizuizi kile kilipasuka, maji yakatoka kwa nguvu, na kwa muda wa miaka kama 15 hivi ziwa likashuka kwa kadiri ya mita 10. Ardhi iliyokuwa chini ya maji ikawa nchi kavu. Watu wakalima, wakajenga, na wajukuu wao wakakua wakiamini kwamba ardhi ile ilikuwa kavu tangu dunia kuumbwa.

Lakini ziwa halikusahau. Baada ya mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962 lilipanda tena, likafikia kilele mwaka 1964. Kisha likarudi nyuma, nasi tukasahau kwa mara ya pili. Kuanzia mwaka 2020 likapanda kwa kishindo, na mwaka 2024 likapanda tena. Watu wa Bujumbura, Uvira na Kalemie walihama nyumba zao, na upande wetu wa Kigoma maji yaliyafikia majengo na miali ya kando ya ziwa. Tuliambiwa kwamba ziwa limevamia makazi. Kwa maoni yangu, makazi ndiyo yaliyolivamia ziwa.

Wako watakaosema tunayo sheria na kwamba inatosha. Ni kweli, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, mto au ziwa. Ni sheria nzuri na naiunga mkono. Lakini je, mita hizo 60 tunazipima kutoka wapi, ikiwa ukingo wenyewe unahama? Tuchukue mfano wa ufukwe wenye mteremko mdogo, ambao ardhi yake inainuka mita moja tu kwa kila mita 60. Ziwa likipanda mita moja, mita zote 60 za sheria zimekwisha. Likipanda mbili, maji yako sebuleni kwa mtu aliyejenga kwa kufuata sheria. Na ziwa hili tumeliona likitofautiana kwa mita 10! Mwenye kupima kiwanja mwaka ambao maji yamerudi nyuma anampimia mwenzake msiba.

Wengine watauliza, wavuvi waende wapi? Mimi sisemi mtu yeyote afukuzwe ufukweni. Mvuvi huvuta mtumbwi wake juu maji yanapopanda. Anayeanika dagaa huhamisha vichanja vyake. Fundi wa mitumbwi husogea chini ya mti mwingine. Hawa wamekaa na ziwa miaka yote kwa kuliheshimu, nao ndio wanaopaswa kuachiwa ufukwe, pamoja na wageni wanaokuja kuuona. Ninachokipinga ni nyumba ya saruji, ghala na hoteli, kwa sababu vitu hivyo havijui kusogea. Tena maji yakiingia mtaani huingia na choo na jalala, na ufukwe ambao mgeni alitaka kuutembea ukageuka kuwa mahali pa kupata maradhi.

Pengine mtu atauliza, mkazi wa Tabora ana haki gani ya kusemea ufukwe wa Ujiji? Haki hiyo naipata kwenye mito. Mto Ugalla hukusanya maji ya sehemu kubwa ya mkoa wetu na kuyapeleka Malagarasi, na Malagarasi huyapeleka ziwani, kusini ya Ujiji. Tunapokata miti ya kukaushia tumbaku na kuchoma mkaa, udongo wetu nao hufuata njia ile ile. Zamani tuliwapelekea watu wa Ujiji wapagazi, leo tunawapelekea maji na matope. Kwa hiyo kupanda miti Sikonge na Urambo ni sehemu ya kuutunza ufukwe wa Ujiji.

Napendekeza jambo moja lisilohitaji fedha nyingi. Manispaa ya Kigoma-Ujiji, wakishirikiana na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika na wahusika wa mambo ya kale, wasimamishe nguzo tatu kati ya mnara na ziwa au popote vipimo vitakapoonyesha. Ya kwanza ionyeshe maji yalifika wapi kabla ya kizuizi cha Lukuga kupasuka mwaka 1878. Ya pili ionyeshe yalifika wapi mwaka 1964. Ya tatu ionyeshe kilele cha miaka hii yetu. Kila nguzo iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, mwaka na kimo. Kisha iwe marufuku kujenga jengo la kudumu chini ya nguzo ya mwaka 1964 au ile ya miaka hii, yoyote iliyo juu zaidi.

Nguzo hizo zitafanya kazi mbili. Mgeni na mwanafunzi wataelewa kwa nini mnara umesimama pale ulipo, na ziara yao itakuwa na somo zaidi ya habari za Wazungu wawili waliosalimiana. Na mwananchi anayetaka kununua kiwanja ataona kwa macho yake mwenyewe, kabla ya kutoa fedha zake, kwamba anauziwa kitanda cha ziwa. Tahadhari kabla ya hatari. Wakati wa kuzisimamisha ni sasa, watu wangali wanakumbuka maji yalifika wapi. Yakirudi nyuma miaka michache tutasahau kwa mara ya tatu.

Msomaji wako,
Tabora.