Tunamcheka rais, diwani wetu tunamwogopa

Aprili 2025, wasichana wa Butere walifika Nakuru na mchezo wao Echoes of War, ulioandikwa na aliyekuwa Seneta wa Kakamega, Cleophas Malala. Mahakama Kuu ilikuwa imeagiza waruhusiwe kuigiza. Badala ya makofi, polisi walirusha vitoza machozi, na wasichana wakaondoka bila kuigiza.

Kama mchezo wa shule unaweza kuitia serikali kiwewe hivyo, basi kijana wa Ukunda mwenye simu na marafiki watatu naye ana silaha. Shida ni kwamba silaha hiyo tunaielekeza mbali. Rais tunamwiga, mawaziri tunawaiga. Lakini chifu, diwani, mwenyekiti wa kamati ya basari? Kimya.

Si kwamba hawachekeshi. Ni kwamba Msambweni watu wanajuana. Ukimwiga rais, hatakugongea mlango. Ukimwiga diwani, Ijumaa mnakutana msikitini, na fomu ya basari ya mdogo wako iko mezani kwake. Na mchekeshaji aliyekodiwa kwenye mkutano wa mheshimiwa leo, kesho atamchekaje?

Wenzetu wamejaribu. Mwaka 1999 Luis Estrada wa Mexico alitoa La ley de Herodes, filamu kuhusu mlinzi wa jaa la taka anayepewa umeya wa kijiji. Anaanza na nia njema, anaonja hongo ya kwanza, kisha hashikiki. Hakuna ikulu humo, ni kijiji cha vumbi tu. Lakini watazamaji walikiona chama cha PRI waziwazi, na mwaka uliofuata chama hicho kikapoteza urais baada ya miaka 71. Filamu pekee haikukiangusha, ila iliwazoesha watu kukicheka hadharani. Tanzania nao walitoa Bahasha mwaka 2018, kuhusu mtumishi wa umma anayepokea hongo na familia yake ikalipia. Hiyo si ya kuchekesha, lakini inajua ufisadi unaanzia wapi.

Kwale ina hadithi tele. Base Titanium ilifunga uchimbaji Desemba 2024. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii. Hebu fikiria filamu ya dakika kumi tu: pesa za jamii zimesemekana zinakuja, na kijiji kizima ghafla kinataka kuwa kwenye kamati. Au kisa cha ploti moja ya ufuo wa Diani yenye hati tatu na wenye nyumba wasio na hata moja.

Vikwazo vipo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura 222, iliyotungwa kabla ya uhuru, bado inadai leseni kwa anayetengeneza filamu ya kuonyeshwa umma. Ijue kabla hujawasha kamera. Pia usimtaje mtu. Buni mji, buni mheshimiwa, halafu acha watazamaji wenyewe waseme, "Huyu si yule wetu?"

Uchaguzi ni Agosti 2027. Rais tutamchagua na Wakenya wote. Diwani tutamchagua sisi peke yetu, na wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako. Tuanze kumcheka sasa, kabla hajaja tena na mabango na leso za bure.