Sode Halisi Haihitaji Tanuri la Mhunzi

Mtu akisema anataka kutengeneza nyumbani deraya ya samurai iliyo sahihi kihistoria, hachelewi kuambiwa aache. Wapenzi wa mambo hayo wana jibu lao tayari: bila chuma kilichofuliwa na fundi aliyerithi kazi kwa babu yake, utakachopata ni vazi la maigizo. Kauli hiyo hutolewa kwa uhakika mkubwa. Ukiipima kwa mabega tu, yaani zile ngao mbili ziitwazo sode, inapwaya.

Deraya kubwa za wapanda farasi wa zama za Heian na Kamakura hazikuwa chuma kitupu. Zilijengwa kwa vigamba vidogo vilivyofungwa safu kwa safu, na vingi kati ya hivyo vilikuwa vya ngozi mbichi ya ng'ombe, iliyokazwa, ikakatwa na kupakwa utomvu wa mti wa urushi. Aliyewahi kugusa ngozi iliyowambwa kwenye ngoma anajua ugumu wake ikishakauka. Chuma kilichanganywa humo, kigamba cha chuma kando ya kigamba cha ngozi, hasa sehemu zinazolinda uhai, kwa kuwa chuma kitupu kingemlemea mtu na farasi wake. Anayekwambia sode ya ngozi ni ya bandia anazikataa pia zile zilizovaliwa vitani.

Atarudi na hoja nyingine: ngozi sawa, lakini bamba moja lililochongwa ili lifanane na vigamba ni udanganyifu. Hapo mafundi wa Japani wenyewe ndio wanaomuumbua. Vita vilipozidi na deraya zikahitajika kwa wingi, walikata mabamba marefu, wakauchonga ukingo wa juu meno meno, kisha wakauinua uso wake kwa urushi uliochanganywa na unga wa udongo, hadi bamba likaonekana kama safu ya vigamba. Mtindo huo una jina lake, kiritsuke-kozane. Basi anayefanya hivyo leo nyumbani kwake anafuata nyayo za mafundi wa kale.

Kazi inayowashinda wengi ni matundu na vigwe. Kigamba cha kawaida cha kale kina matundu 13 yaliyopangwa katika mistari miwili ya wima, na kila kigamba hufunika nusu ya jirani yake, hivyo matundu ya hiki sharti yaangukie juu ya matundu ya kile. Tuseme sode yako ina safu 6, kila safu vigamba 20. Hayo ni matundu 1,560 kwa bega moja, na bega la pili linasubiri. Tundu likipotoka milimita moja tu, kigwe hakipiti, au kinapita kwa nguvu na kuivuta safu nzima upande mmoja. Kwa sababu hiyo, kiolezo cha matundu kilichopimwa vizuri kina thamani kuliko karatasi ghali ya chuma. Nyingi ya sode mbovu za nyumbani zina bamba zuri tu. Fedha iliishia kwenye chuma, kisha vigwe vikapitishwa kwa kukadiria kwa macho.

Nasisitiza vigwe kwa sababu sode ni kitu cha kuning'inia. Mpiga mishale aliye juu ya farasi anahitaji mikono yote miwili, hana wa kushikia ngao, kwa hiyo ngao zake ziliwekwa mabegani. Akivuta upinde, sode hurudi nyuma. Akiinama, hushuka kumfunika. Kamba za nyuma zilifungwa kwenye fundo kubwa la mgongoni liitwalo agemaki ili sode zisimwangukie mbele. Sode iliyosimama kakamavu haiwezi kazi hiyo, hata ikiwa ya chuma kizuri namna gani, na kwangu mimi kosa hilo ni kubwa kuliko kutumia alumini.

Halafu kuna suala la zama, ambalo watetezi wa chuma hulipita juu juu. Bunduki za Wareno zilifika katika kisiwa cha Tanegashima, Japani, mwaka 1543, na namna ya kupigana ikabadilika katika miongo iliyofuata. Sode zikapungua ukubwa na kupinda kufuata mkono. Askari wa miguu waliovaa deraya za kuazimwa na bwana wao mara nyingi hawakuwa nazo kabisa, kwa hiyo yupo anayejitesa kutengeneza kitu ambacho mhusika wake hakukivaa! Vigwe navyo vilipunguzwa. Sakakibara Kozan, aliyeandika juu ya utengenezaji wa deraya mwaka 1800, alieleza ubaya wa vigwe vingi vilivyobanana: vikilowa vinakuwa vizito, tope halitoki, na katika safari ndefu chawa na sisimizi hujaa humo.

Wapinzani wangu wana haki kwenye jambo moja, rangi. Katika hekalu la Musashi Mitake, jijini Tokyo, ipo deraya ya karne ya 12 yenye vigwe vyekundu. Sehemu zilizotengenezwa upya enzi ya Meiji kwa rangi za kemikali zimepauka, na vigwe vya kale vilivyotiwa rangi ya mizizi ya mmea bado ni vyekundu. Anayeweza kupata rangi ya mimea aitumie. Urushi wenyewe ni habari nyingine: hukauka kwa unyevu badala ya jua, na ukiwa mbichi huwasha ngozi na kuleta upele mbaya. Mwenye watoto nyumbani atumie vanishi ya dukani bila aibu.

Ila aseme kwamba ni vanishi. Vitu vya kale vya samurai huuzwa kwa fedha nyingi, na sode nzuri ya nyumbani ikibadilisha mikono mara mbili tatu inaweza kumtapeli mtu. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiamua kuanza, chagua zama kwanza, kata kiolezo cha matundu kabla hujanunua chochote kingine, na ukimaliza andika upande wa ndani wa bamba la juu mwaka ulioitengeneza na kila kitu ulichotumia.