Watoto wafundishwe kusoma tiketi ya treni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako nitoe dukuduku langu kuhusu safari za treni katika nchi za nje, hasa kwa sisi tunaotoka sehemu zisizo na reli. Hapa Nyaishozi mtoto huweza kumaliza darasa la saba bila kuona behewa ila katika kitabu.

Wakati wa likizo ya Desemba nilimsindikiza baba yangu mdogo kwenda Mombasa kumwona binti yake aliyejifungua. Tulilala Nairobi kwa jamaa. Tiketi tulikatiwa na kijana wa ukoo wetu, naye alimwambia mzee kwamba treni huondoka "eight". Mzee akaelewa saa nane mchana. Mimi, pamoja na ualimu wangu, sikuomba kuiona tiketi. Ilikuwa imeandikwa 08:00, yaani saa mbili asubuhi!

Tulitoka saa tano tukaenda stesheni ya zamani iliyo katikati ya mji, kwa kuwa tuliambiwa treni inatoka Nairobi. Hapo tukaelezwa kuwa treni ya Mombasa iliyoanza mwaka 2017 huondokea Syokimau, nje ya mji. Tulipofika huko, wenzetu walikuwa mbali sana. Fedha ya kahawa ya mzee ikapotea, tukapanda basi la usiku. Simlaumu mtu, kosa lilikuwa letu. Lakini nimejifunza mambo matatu.

Kwanza, jina la mji si mahali stesheni ilipo. Treni hiyo ya Mombasa humshusha abiria Miritini, siyo kisiwani. Reli ya TAZARA kwa upande wa Zambia inaishia New Kapiri Mposhi, siyo Lusaka. Hata Dar es Salaam, stesheni ya TAZARA siyo ile ya Reli ya Kati. Abiria aulize mapema. Kuuliza si ujinga.

Pili, saa. Sisi tunahesabu tangu kucha, tiketi inahesabu tangu usiku wa manane. Kwa hiyo 15:00 ni saa tisa alasiri, na 22:00 ni saa nne usiku. Tena Zambia na Rwanda saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Sisi wa Karagwe tuliopakana na Rwanda tunalijua hilo, lakini mgeni anayevuka Tunduma anaweza kupotea.

Tatu, kufika stesheni siyo kupanda treni. Kule Syokimau mizigo hupangwa chini inuswe na mbwa, kisha hupitishwa kwenye mashine, na jina la tiketi hulinganishwa na pasipoti au kitambulisho. Anayefika dakika kumi kabla atabaki kupunga mkono.

Maoni yangu ni haya. Walimu wenzangu tuingize tiketi na ratiba ya treni katika somo la Hisabati. Mtoto apewe tiketi ya mfano aseme: naondokea wapi, saa ngapi kwa Kiswahili, nifike lini? Nayo mashirika ya reli ya Afrika Mashariki yaandike kwenye tiketi saa ya Kiswahili kando ya ile ya tarakimu, pamoja na mahali stesheni ilipo. Wino wake hauzidi mstari mmoja.

Wako watakaosema haya ni ya wasafiri wachache. Sikubaliani nao. Treni yetu ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma ilizinduliwa rasmi Agosti 2024, na reli hiyo inajengwa kuja Mwanza. Siku itakapofika, wananchi wa Kagera watavuka ziwa kwenda kuipanda. Je, tungoje mpaka wazee wetu wapoteze nauli ndipo tuwafundishe watoto?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Nyaishozi, Karagwe.